Asali, Dobi wa Meli ya Bomba

Mdogo wangu mtaa mzima unamwita Asali, na mimi wananiita Ndimu. Wanadhani sijui. Ndimu ndiyo inayotoa doa la kutu kwenye shati jeupe. Asali haitoi doa, yenyewe ndiyo doa. Lakini nenda kawaambie watu hivyo, watakwambia una wivu.

Tulizaliwa nyumba moja, mama mmoja, na mama yetu alikuwa dobi. Mimi kifungua mimba, yeye kitinda mimba. Mimi kufua nilifundishwa kwa makofi, yeye alifundishwa kwa kupakatwa. Mama alikuwa akimweka juu ya rundo la nguo zilizotoka juani, za motomoto bado, anachukua shati chafu anampa. "Nusa hili, mwanangu. La nani?" Naye ananusa kwa kile kipua chake, anasema la fundi magari. La mchinjaji. La mpishi. Mama anacheka mpaka anajishika mbavu, anawaita majirani waje wasikie. Mimi niko kwenye beseni, vidole vimenyauka kama vya maiti, hakuna aliyeniuliza nasikia harufu gani. Nilikuwa nasikia ya sabuni.

Hivyo ndivyo tulivyolelewa kazini. Nguo hailowekwi kabla haijanuswa. Yenye mafuta ya mashine inapakwa mafuta ya taa kwanza, ya jasho inataka maji baridi, ya jikoni inataka maji ya moto na sabuni ya kutosha. Madoa yakikauka yote yanafanana, alisema mama, macho yanadanganyika, pua haidanganyiki. Na kitu kikikutwa mfukoni ni cha mwenyewe. Iwe ufunguo, iwe kifungo, iwe picha ya mwanamke asiyekuwa mke wa mtu, kinatiwa kwenye kopo rafuni mpaka mwenyewe aje, na wewe huulizi kitu.

Mama alipotutoka tulifungua kila mmoja chumba chake, pale pale kwenye mtaa unaoshuka kwenda geti la bandari. Ukuta mmoja, ua mmoja nyuma, bomba la maji moja. Wateja wa mama tuligawana, maana yake wao walijigawa wenyewe, wakaenda kwake. Mume wake alitoka kwenda kununua betri za redio, mpaka leo hajarudi. Mtaa mzima ulimlilia Asali, wanawake walikuwa wakimletea chakula na kumpepea. Mume wangu alikufa kabisa, akafunikwa udongo, mimi nikaambiwa pole mara moja mlangoni.

Sitasema hajui kazi. Anajua. Suruali aliyoipiga pasi yeye ukiivaa unaona aibu kukaa. Ila kazi hiyo hiyo naijua na mimi, tena mimi natumia mikono mitupu, situmii tabasamu.

Basi ikaja meli. Walikuwa wanalaza bomba la gesi chini ya bahari, kutoka upande wetu mpaka upande wa pili. Meli yenyewe kubwa, ungedhani ni mtaa umechoka kukaa nchi kavu ukaamua kuondoka. Vipande vya bomba vinaungwa kwa moto juu ya meli, halafu vinateremshwa nyuma taratibu kama uzi unavyotoka kwenye cherehani. Mbele yake kuna boti ndogo inavuta chombo cha kuchungulia chini, kwa sababu chini kule si kusafi. Wazee wetu waliona kwa macho yao. Vita vile vikubwa vilipokwisha, walioshinda walibaki na mabomu wasiyojua wayapeleke wapi, wakayapakia kwenye matishari wakaenda kuyamwaga baharini. Mengine yana baruti. Mengine hayana baruti, yametiwa sumu ya kuunguza watu ngozi na macho. Chuma kimeliwa na kutu siku nyingi, sumu haina kutu.

Wenye meli walituita kwenye ukumbi wa shule watueleze. Alisimama mwanamke wa usalama, mtu wa kazi kweli, amevaa buti mpaka karibu na magoti, papo hapo tukambatiza Mama Buti. Asali alikuwa kiti cha mbele, kama kawaida yake. Mama Buti akasema, bomu likionekana, bomba linapindishwa lipite pembeni. Lisilokwepeka wapo wataalamu wa kulitoa. Na mtu yeyote aliyegusa tope la nanga au la minyororo anavua nguo palepale, zinatiwa kwenye mfuko wa njano, mfuko huo haushuki nchi kavu hata siku moja. "Kwa hiyo nyie mama zangu msiwe na hofu," akasema. Wavuvi walionyeshwa picha za mabomu. Madobi hatukuonyeshwa kitu, kwa sababu nguo hizo hazitatufikia. Nikaona ni haki.

Sasa, mtu wa meli aliyekuwa akitafuta dobi alianza kwangu. Hilo ndilo nataka lijulikane. Alianza kwangu, na gunia lake begani.

"Mama, nguo za meli hizi, utatufulia?"

"Za nani?"

"Za meli, mama. Za wote."

"Mimi sifui nguo za wote. Nafua nguo za mtu. Kila moja iwe na mwenyewe, nikiichana nijue nimemchania nani."

"Mama, tuko wengi kule."

"Basi mje mjitaje."

Akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sikuwa nimesema kichekesho. Akasogea mlango wa pili, nikasikia sauti ile: "Karibu baba, karibu kivulini, jua lote hili na mzigo! Kaa kwanza unywe maji." Maji yenyewe ya bomba letu sote wawili. Akanywa, akashukuru, na gunia likabaki kule.

Tangu siku hiyo ua haukuwa wangu tena. Ovaroli za rangi ya chungwa zilijaa kamba zote, zikawa zinachuruzika juu ya mashuka yangu. Mabaharia wanapita, "Shikamoo Mama Asali, umeamkaje Mama Asali," wakinifikia mimi wanasema, "Habari za hapa." Habari za hapa! Kama mimi ni kituo cha polisi. Akanunua mashine ya kufulia inayonguruma mpaka vikombe vyangu vinacheza rafuni upande wa pili wa ukuta. Nikamwambia, mashine yako inanipasulia vikombe. Akaniletea vikombe vipya. Utagombana vipi na mtu kama huyo?

Kilichotokea baharini tulikijua baadaye, lakini nakisema sasa. Kulikuwa na mtu wa winchi, anayevuta na kushusha nanga, wenzake wakimwita Kamba. Siku moja nanga ikapanda na tope, na kwenye tope kuna donge, ukubwa wa ngumi ya mtoto, rangi ya kahawia kwa nje, ukilikwaruza lina unjano kama nta. Huyu ni mtoto wa pwani, amekua akisikia hadithi za ambari, yale matapishi ya nyangumi wanayotengenezea manukato, kwamba mtu akiokota kipande kwake njaa ndiyo kwaheri. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akalizungushia mfuko wa plastiki akalitia mfukoni. Angesema amegusa tope, nguo zingekwenda mfuko wa njano pamoja na utajiri wake. Hakusema. Kesho yake paja likamtoka malengelenge, akapelekwa kwa nesi wa meli, akamwambia ameungua na mvuke. Akiwa amelazwa, mwenzake wa chumbani akamkusanyia nguo chafu, kwa wema wake, akazitia kwenye gunia la kawaida. Gunia likashuka kwa Asali.

Asubuhi hiyo nilikuwa nasuuza.

"Dada! Hebu njoo uone."

"Mikono yangu ina sabuni."

"Ifute basi. Kuna kitu nimekikuta mfukoni." Alikuwa amesimama mlangoni kwake, amelishika donge kama mtu aliyeshika yai. "Unajua nini hii? Ambari! Wallahi dada, nyangumi katapika."

"Hata nyangumi akitapika anakutapikia wewe," nikasema.

"Si yangu. Ya mwenye ovaroli."

"Basi mrudishie. Unaniitia nini?"

"Nataka nijue kwanza namrudishia nini mtoto wa watu, isije ikapotea mikononi mwangu. Ila ina harufu ya kitunguu saumu. Na ovaroli nayo inanuka saumu, nimeiweka pamoja na za wapishi. Hebu nusa na wewe. Unajua mama alivyosema kuhusu pua."

"Kunusa alikwambia wewe," nikamjibu. "Mimi aliniambia nifue."

Sikwenda. Watu husema wivu unaua. Mimi wivu umeniachia macho yangu mawili na pua yangu.

Kila mtu wa kwetu anajua ambari inavyopimwa. Unaichoma kwa sindano ya moto. Ikiwa ya kweli inayeyuka nyeusi kama lami na inatoa harufu ya kupendeza. Sindano inatakiwa ushike kwenye moto usubiri. Lakini dobi ana haja gani ya kusubiri sindano, na pasi iko mezani imeshika moto? Fundi wa mbao asingefanya hivyo, wala mvuvi. Yeye aliliweka donge kwenye ubao wa kupigia pasi, akainama vizuri ili harufu isimpite, akaligusa kwa ncha ya pasi.

Nilikuwa naona kupitia kamba zake za nguo. Nikasikia tsss. Kikapanda kimoshi chembamba, kikamwingia usoni.

"Ah!" Akakohoa, akarudi nyuma. "Si ambari hii."

"Nini sasa?"

"Labda lami. Au uchafu tu."

Akalifunga tena kwenye plastiki yake, akalitia kwenye kopo pamoja na vifungo na funguo, akafuta pasi kwa kitambaa, akaendelea na kazi. Mara mbili tatu nilimwona anajipangusa macho kwa mgongo wa mkono. Nikarudi kusuuza, na siku ile mashuka yangu yalitakata kuliko kawaida.

Sumu ile haina haraka. Mchana kutwa hakuna kitu. Jioni akasema macho yanamkereketa kama yana mchanga, itakuwa sabuni mpya. Nikamwambia ndiyo uzuri wa vitu vipya. Asubuhi, nikiwa nawasha jiko, nikasikia anagonga ukuta. Si kwa ngumi, kwa kiganja.

"Dada. Sioni."

Nilipofika nilisimama mlangoni. Macho yamevimba mpaka yamezibana kope ndani, machozi yanatoka bila kilio. Mikono ina malengelenge makubwa, manjano, kwenye vidole vile alivyoshikia donge. Na sauti imekwama. Akawa ananyoosha mkono hewani, ananitafuta.

Majirani walishajaa. Mmoja ana siagi, mmoja anasema atafutwe mwenye kunyonyesha amkamulie maziwa machoni, mmoja kaja na chupa ya asali. Niliwafukuza wote. "Kitu kikiingia kwenye kitambaa hukipaki siagi juu yake, unakisuuza! Tokeni!" Nilivaa glavu zangu za mpira za kushikia dawa ya madoa, sikuwahi kuziamini nguo za kwake hata siku moja, nikamvuta mpaka bombani. Nikatandaza mashuka kwenye kamba yawe ukuta, nikamvua kila alichovaa, alikuwa kalala nacho. Nikamfungua kope kwa vidole, nikamwagia maji, maji, maji. Alikuwa anatetemeka kama kifaranga. Mtu mzima, mvi kichwani, bado ni mwepesi. Mimi nimekuwa mzito tangu ujanani.

Nguo alizovua zilikuwa zinanuka saumu, na mtu huyu saumu haili. Hapo nikakumbuka kikao cha shule, sumu ya kuunguza macho. Sikuhitaji mtu wa kunisomea.

Nilimfunika shuka, nikamwachia jirani mmoja nikamwambia usimguse, ongeza maji tu, nikashuka mpaka geti la bandari na aproni yangu.

"Namtaka Mama Buti."

Mlinzi akaniangalia. "Mama, una miadi naye?"

"Nina mdogo wangu haoni. Hiyo ndiyo miadi."

Mama Buti alikuwa anakunywa chai. Niliposema donge, akaniangalia. Niliposema saumu, akaweka kikombe. Niliposema pasi, akakimbia, na zile buti zake, mimi nikabaki nyuma yake nikihema.

Walikuja wamevaa kama wafuga nyuki. Asali akachukuliwa kwa gari la wagonjwa, mimi nikapakiwa pembeni yake nikaangaliwe na mimi. Wakachukua kopo. Wakachukua pasi, ubao, mabeseni, ile mashine inayonguruma. Wakazungushia ua utepe, na mashuka yangu mimi, yaliyotakata, yasiyo na kosa lolote, yakatiwa kwenye mifuko ya njano kwa sababu yalikuwa jirani na kamba zake. Hata kwenye sumu nimefuata mkia wake.

Hospitali alifungwa macho kwa kitambaa, na mikono ikafungwa pia. Nilimwuliza daktari ataona au hataona. Akasema, "Macho yenyewe yatatujibu, bibi. Tusubiri." Jibu gani hilo? Nikakaa nisubiri. Usiku nalala kwenye kiti, mchana namlisha uji kwa kijiko. Na wageni! Mabaharia kwa makundi, muuza samaki, mwalimu, watu ambao mimi nimewafulia miaka na hawajawahi kuniuliza nimeamkaje. Wakiingia anawatambua kwa sauti, anawataja, anachangamka. Mimi nikiingia anauliza, "Nani?" Nasema, "Mimi." Anasema, "Ah, ni wewe." Basi.

Kamba naye alikuja, anachechemea, paja limefungwa. Akapiga magoti kando ya kitanda. "Mama, nisamehe. Nilidhani nimepata."

"Inuka, mwanangu," Asali akamwambia. "Na mimi nilidhani umepata."

Mimi nikamwambia, "Ukipata tena, kaa nacho mfukoni mwako." Asali akanigeukia na vile vitambaa usoni, akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile, kicheko cha kukwaruza. Yule kijana akalia.

Alipokwenda, Asali akasema pole pole, "Dada, nikiwa kipofu, nitakuwa nani?"

Nilitafuta neno tamu sikulipata, matamu yote alipewa yeye. Nikasema, "Utakuwa mdogo wangu. Fungua mdomo, uji unapoa."

Siku ya kufunguliwa macho nilioga mapema, nikavaa gauni langu la kitambaa kizuri, nikasimama mbele kabisa ya kitanda. Nilitaka akifungua macho anione mimi kwanza. Niliyemsuuza ni mimi, niliyemlisha ni mimi, ni haki yangu. Mama Buti akaja akasimama kushoto, nikamsogeza kwa kiwiko. Manesi wakaja, nikapanua miguu. Daktari akafungua kitambaa, na kichwa chake kikawa katikati yetu, huyo daktari mwenyewe.

"Pole pole, mama. Unaona nini?"

Kope zikafunguka kidogo, nyekundu, zimejaa maji. Akaangalia muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeshika chuma cha kitanda, ubaridi wake naukumbuka mpaka leo.

"Kumbe daktari kijana," akasema. "Tena mzuri."

Wakacheka wote, Mama Buti akapangusa macho, nesi akapiga makofi. Daktari ndiye aliyeonwa kwanza! Daktari, aliyesema tusubiri! Nikageuka nitoke.

"Dada, usiondoke. Mbona umekonda hivyo?"

"Umeniona?"

"Nakuona. Kwa ukungu, lakini nakuona. Una mvi nyingine mpya hapo kwenye sikio."

"Hizo ni zako," nikamwambia. "Zimeota kwa ajili yako." Nikakaa kwenye kiti, miguu ilikuwa imechoka.

Anaona sasa, ila mvuke wa pasi na maji ya moto amekatazwa maisha, macho yanawaka. Vidole vimekakamaa, havikunjiki vizuri. Bomba lilipindishwa pale mbele, likapita mbali na lile eneo lililotoa donge, na meli ikaweka amri nguo zote zifuliwe humo humo, hakuna gunia la kushuka. Chumba chake kimefungwa. Anakaa mlangoni kwangu, kivulini, anapokea nguo na kuziandikia alama, amevaa miwani myeusi aliyopewa na wenye meli. Miwani yenyewe inampendeza kama mwimbaji. Nimeijaribu mimi, nilifanana na bundi.

Kufua nafua mimi. Kupiga pasi napiga mimi. Watu wanasema, "Peleka kwa Asali."

Juzi nilikuwa ndani, beseni limejaa, nikasikia sauti ngeni mlangoni, mtu na kifurushi chake. "Samahani mama, hapa ndipo kwa Asali, yule dobi?"

Nikaacha kusugua nisikie atajibu nini.

"Hapana, baba," akasema. "Hapa ni kwa dada yangu. Mimi nimekaribishwa tu." Na mgeni yule akamsifu kwa adabu yake, akakaa naye kivulini wakaongea mpaka maji yangu yakapoa.

Umeona? Hata kujishusha ananishinda.